Mstari Mmoja Uliofuta Watu Saba

Nilimfuta mwanamke mmoja wa Bwera nikiwa nimekaa Kasese, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimefanya kazi nzuri. Mwenyewe alibaki hai, alhamdulillahi. Nilichofuta ni neno moja kwenye faili lake: penisilini. Neno hilo liliwaonya wauguzi wasimchome dawa hiyo, kwa sababu ilishawahi kumvimbisha koo mpaka akakosa pumzi.

Nitawaeleza nilivyolifuta. Lakini ninyi mnaoandika programu leo hamtanielewa nisipowaeleza kwanza tulivyokuwa tunafanya kazi, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu Yusufu, katika ofisi iliyo juu ya duka la vipuri vya malori mjini Kasese. Yusufu alitafuta wateja na kuzungumza nao. Mimi niliandika. Mteja wetu mkubwa alikuwa mtu binafsi mwenye vituo vitatu vya afya: kimoja Hima, kimoja Kitswamba, kimoja Bwera karibu na mpaka. Kila kituo kilikuwa na kompyuta na fomu zake: ya wajawazito, ya chanjo, ya maabara, ya vidonda, na nyingine nyingi. Zote pamoja zilikuwa thelathini na moja.

Fomu moja ndani ya kompyuta si karatasi moja. Lazima ionyeshwe kwenye skrini, ikaguliwe kama imejazwa vizuri, ihifadhiwe, itafutwe baadaye, na ichapishwe. Kazi tano kwa kila fomu. Mwanzoni nilifanya wanavyofanya wengi: niliandika ya kwanza kwa uangalifu, nikanakili, nikabandika, nikabadilisha majina. Nilijiona mwepesi sana.

Halafu wauguzi wakaomba umri wa watoto wachanga uandikwe kwa miezi. Nikaingia kila fomu nikabadilisha. Nilibadilisha mahali thelathini. Ile ya thelathini na moja ilikuwa fomu ya chanjo ya Kitswamba, na wiki hiyohiyo mama mmoja akasomewa pale dirishani kwamba mtoto wake ana miaka tisa.

"Miaka tisa?" akauliza yule mama, akageuka ili waone mgongo wake. "Na bado namubeba?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi niliposimuliwa sikucheka. Najua leo mnaiambia mashine "niandikie fomu thelathini," nayo inazimaliza kabla hujavuta kiti. Vizuri. Lakini tatizo langu halikuwa vidole kuchoka. Ukweli mmoja, kwamba umri wa mtoto ni miezi, ulikuwa unaishi katika nyumba thelathini na moja, na mimi nilipaswa kubisha hodi kila mlango bila kusahau hata mmoja. Ziandikwe kwa mkono au na mashine, nyumba ni zilezile.

Dawa yake ni kuandika ukweli huo mara moja na kuiachia kompaila kazi ya kuurudia. Kompaila, kwa msomaji asiye wa kazi hii, ni programu inayosoma tulichoandika na kukigeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kuendesha. Nilibuni mpango huu: kila fomu ikawa na maelezo mafupi, mstari mmoja kwa kila swali. Jina, maneno, lazima lijazwe. Umri, namba, miezi. Kisha nikaandika kiolezo kimoja kinachojua kazi zile tano. Kompaila ilipopita, ilichukua maelezo, ikayapitisha kwenye kiolezo, na yenyewe kuzaa msimbo wote, yaani maagizo ya programu, kabla programu haijaanza kufanya kazi. Fomu iliyokuwa inanichukua siku mbili ikawa mistari kumi na minne na nusu saa.

Wazo hilo sikulitoa kitabuni. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa askari aliyetoka Arua, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga taipu katika ofisi ya kambi chini ya sajenti mmoja ambaye wote tulimwita Afande tu. Wakati ule hakukuwa na mashine ya fotokopi. Ulichapa kwenye stensili, karatasi laini ya nta, ukaifunga kwenye pipa la mashine, ukazungusha mkono, nakala mia zikatoka. Siku moja nilichapa orodha ya likizo nikaruka jina la mpishi mkuu. Mpishi akaona nakala ya kwanza ukutani, akaondoka na vijiko vyote.

"We!" Afande akanguruma. "Simama sawa! Umekosea mara ngapi?"

"Mara moja, afande."

"Hapana. Hesabu nakala."

Zilikuwa mia na ishirini. Tangu siku hiyo alinilazimisha nisome kila stensili kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, ili macho yasiruke yanapopajua. Mpaka leo nasoma msimbo hivyo, na nakushauri ujaribu. Utajiona mjinga kwa dakika tano, halafu utaona kosa.

Na makosa ya makro, wanangu, yana ucheshi wake. Makro ni jina fupi ambalo kompaila inalibadilisha kuwa maneno marefu kabla ya kazi. Haihesabu na haifikiri, inabandika tu. Nilisahau hilo kule Hima. Niliandika makro ya kutoa namba za foleni: ikague kama namba ifuatayo haijazidi kikomo, kisha iichapishe. Mimi nilisoma "namba ifuatayo" nikaona kitu kimoja. Kompaila iliibandika mara mbili, moja kwenye kukagua na moja kwenye kuchapisha, kwa hiyo mashine ilivuta namba mbili kwa kila mgonjwa. Watu wakapewa mbili, nne, sita, nane.

Hima ni mji wa kiwanda cha saruji na madereva wa malori. Si watu wa kunyamaza.

"Namba tatu iko wapi?" dereva mmoja akapaza sauti.

"Amepewa shemeji yake daktari!"

"Na tano?"

"Mpe shemeji wa shemeji!"

Kufika saa nne asubuhi kijana wa dirishani alikuwa amejifungia stoo. Yusufu alinipigia akiwa hajui acheke au alie. "Zainabu, wanasema tunauza namba witiri kwa mlango wa nyuma." Nilirekebisha kwa kuivuta namba mara moja, kuipa jina, kisha kulitumia jina hilo. Usiikabidhi makro kitu kinachobadilika kila kinapoguswa. Na kila wiki chapisha msimbo uliozaliwa, usome kwa macho yako, hata kama hukuuandika wewe. Hasa kwa sababu hukuuandika wewe.

Sasa nirudi Bwera.

Wauguzi walilalamika kwamba wagonjwa wanapoteza kadi na kusajiliwa upya, hivyo mtu mmoja ana mafaili matatu. Ombi la haki. Nikafungua kiolezo nikaongeza mstari mmoja: jina la kwanza likifanana, la pili likifanana, umri na kijiji pia, basi huyo ni mtu yuleyule, weka habari mpya juu ya zile za zamani. Nikakompaili. Fomu zote thelathini na moja zikapata akili hiyo kwa pamoja. Nikanywa chai yangu.

Kambini, mstari huo ungekuwa sahihi. Tulitoka Arua, Gulu, Soroti, Mbarara. Sikuwahi kuona watu wawili wenye majina mawili yanayofanana, umri mmoja na kijiji kimoja. Nilipima Bwera kwa kipimo cha kambi.

Baada ya wiki tatu simu ikaita asubuhi. Alikuwa Sista Masika, muuguzi mkuu wa Bwera, mwanamke asiyepoteza neno.

"Hajati, kuja Bwera leo. Si kesho. Kompyuta yako inasema uongo."

"Uongo gani, Sista?"

"Inasema Biira Rozi hana shida na penisilini. Na miye kwa macho yangu niliona huyu mutu akitaka kufa."

Nilipofika, Biira Rozi alikuwa kitandani, mguu umevimba kwa kidonda cha jembe. Asubuhi ile, kabla sijapigiwa simu, sindano ilikuwa imeshavutwa na muuguzi mwingine aliyesoma skrini kama alivyotakiwa. Sista Masika alipita tu, akamtambua mgonjwa, akaikamata. Wakampa dawa nyingine. Sasa, mbele yangu, Sista akachukua plasta, akaandika PENISILINI HAPANA kwa kalamu ya wino mzito, akaibandika kwenye mkono wa Biira.

"Hii ndiyo kompyuta yangu leo," akaniambia.

Nilimwambia haiwezekani programu ikosee, kwani jina, umri na kijiji vyote vilifanana. Hakubishana. Alinishika kiwiko akanipeleka hadi mlango wa ukumbi ambapo akina mama walikaa kwenye mabenchi, akaita kwa sauti ya kawaida:

"Masika!"

Wanawake sita walisimama.

"Na miye wa saba," akasema. "Kaeni, mama zangu, nilikuwa nafundisha Hajati."

Miaka yote ile nimeishi Kasese, na jambo hilo nililijua kama unavyojua rangi ya ukuta wa jirani. Wakonzo, watu wa milima hii, humwita mtoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Masika ni binti wa kwanza, Biira ni wa pili, na kuendelea. Ongeza majina machache ya ubatizo yanayopendwa kanisani, na kijiji kimoja cha mlimani kinakuwa na Biira Rozi wawili wa umri mmoja bila mtu kushangaa. Biira Rozi wa pili alikuwa amekuja wiki iliyotangulia na homa. Akaulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, akasema hakuna. "Hakuna" yake ikakaa juu ya "penisilini" ya mwenzake.

"Ninyi mnawatofautishaje?" nikauliza.

"Tunauliza mutoto wa nani. Jina ya mama. Nani anasahau mama yake?"

Biira alikuwa na plasta mkononi na Sista pembeni yake. Lakini mstari ule ulikuwa katika fomu zote, katika vituo vyote vitatu, kwa wiki tatu. Nani mwingine alikuwa amefutwa, na hana Sista Masika wa kumkumbuka?

Nilimpigia Yusufu. "Vituo vyote vizime kompyuta. Warudi kwenye kadi za karatasi."

"Zainabu, leo ni siku ya kliniki Kitswamba. Mwenye vituo atatufukuza."

"Atufukuze. Piga simu sasa hivi."

Alipiga. Yusufu alilalamika kila mara, lakini hakuwahi kuchelewa.

Nikakaa saa mbili kwenye meza ya Sista na kompyuta yangu ya mkononi, kati ya boksi la glavu na chupa ya dawa ya kuoshea vidonda. Ninawaeleza saa hizi mbili kwa makini kwa sababu ndizo zinazonifanya nisijutie kazi ya kuzalisha msimbo. Niliufuta mstari ule mahali pamoja. Nikaweka swali la jina la mama kila panapoulizwa jina. Nikaandika kwamba majina yakifanana, programu isiamue. Iwaonyeshe wauguzi watu wote wanaofanana na iulize ni yupi. Na hakuna habari mpya itakayofunika ya zamani. Zote zikae, na tarehe zake. Kisha nikakompaili, na fomu thelathini na moja zikapona kwa mpigo mmoja. Kwa njia yangu ya zamani ningekuwa nabisha hodi mlango kwa mlango hadi wiki iliyofuata, na ningesahau mmoja.

Niliongeza pia sharti, na hili ndilo ninalojivunia zaidi. Ndani ya kiolezo niliandika: fomu yoyote inayosajili mtu bila kuuliza jina la mama, kompaila ikatae kuijenga. Yaani mwandishi wa programu akisahau, kosa limshike yeye mezani, lisimfuate mgonjwa kitandani. Nilipokompaili tena, ilikataa fomu moja. Ilikuwa ya ajali, inayosajili hata mtu asiye na jina. Nikamwita Sista nikamwonyesha kwamba haiulizi jina la mama.

"Hiyo ni sawa," akasema. "Mutu ameletwa na boda, damu iko kila mahali, hasemi. Utamuuliza mama yake?"

"Basi tufanyeje?"

"Muandike kama mutu mupya. Akiamuka, atasema yeye ni nani."

Nikaandika hivyo: fomu ya ajali isamehewe sharti lile, ila isimuunganishe mtu na mwingine hata kidogo. Muuguzi alikuwa amenipa kanuni bora kuliko zote nilizowahi kupewa na waandishi wa programu.

Lakini kiolezo hakiwezi kurudisha kilichofutwa. Bahati yangu ilikuwa kwamba zamani niliweka ndani yake mstari wa kuandika, katika daftari la ndani ya mashine, kila jambo linalofanywa na kila fomu. Daftari hilo halikutaja kilichofutwa, lakini lilitaja mafaili yaliyofunikwa. Yalikuwa kumi na tisa. Siku nne mimi na Sista tulikaa na kadi za karatasi za vituo vyote, faili kwa faili. Katika kumi na mawili, kila moja lilikuwa kweli la mtu mmoja aliyepoteza kadi. Katika saba, kila moja lilikuwa la watu wawili walioshindiliwa pamoja. Biira wa kwanza tulishamjua. Watano tuliwarudisha kutoka kwenye kadi zao.

Wa saba kadi yake ililiwa na mchwa stoo. Kabugho Jeni, kijiji cha juu, upande wa kahawa. Hakuna aliyekumbuka kama faili lake lilikuwa na onyo lolote.

"Akija tutamuuliza," Yusufu akasema kwenye simu.

"Na akija kama yule wa ajali, hasemi?"

Nikatafuta boda.

Njia ya huko inapanda mpaka pikipiki inaanza kukohoa, kisha unashuka unatembea. Nilimkuta Kabugho uani, akigeuza kahawa iliyoanikwa juu ya turubai. Hakuacha kazi kwa ajili yangu. Alinionyesha kigoda, akamaliza turubai lote, ndipo akanawa mikono na kuketi.

"Weye ni wa kituo?"

"Ninaandika programu ya kompyuta ya kituo. Mama, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Iko," akasema bila kufikiri. "Zile za salfa. Nilipewa zamani, ngozi ikatoka kama ya nyoka, kuanzia mudomo mpaka miguu. Niliwaambia. Mulikataa kuandika?"

"Waliandika."

"Sasa mbona umepanda mulima wote kuja kuniuliza?"

Ningeweza kumwambia mashine imeharibika. Ndivyo tunavyosema, na watu huamini.

"Kwa sababu nilikufuta," nikasema. "Kuna Kabugho Jeni mwingine. Niliandika mstari mmoja vibaya, habari zake zikakaa juu ya zako. Kama ungeumwa wiki hii, wangekupa salfa."

Kuku mmoja alipanda kwenye turubai, Kabugho hakumfukuza.

"Huyo mwingine namujua," akasema. "Tunaimba pamoja kwaya. Yeye anakula dawa yoyote, hata ya ng'ombe." Kisha akasogeza kigoda chake karibu na changu. "Andika. Miye naangalia."

Nilifungua kompyuta magotini. Nikaandika jina lake, kijiji, jina la mama yake, na chini yake, kwa herufi kubwa, salfa. Hakujua kusoma Kiswahili vizuri, akaniomba nimsomee. Nikasoma yote, taratibu, kuanzia juu hadi chini. Alisikiliza kidole chake kikiwa kwenye skrini, akikisogeza mstari kwa mstari kunifuata, mpaka nilipofika mwisho.

"Sawa," akasema. "Huyo sasa ni miye."